Barabara Nzima Kwanza

Miaka ile Mwingereza bado yupo, na vita kuu ya pili imeisha si zamani, mie nilikuwa karani wa barabara upande wa kusini wa Dar es Salaam. Neno karani lisikudanganye. Meza nilikuwa nayo, lakini niliikalia asubuhi na jioni tu. Mchana kutwa nilikuwa njiani na baiskeli ya serikali, nikipima mashimo kwa fimbo, nikikagua mitaro iliyoziba, nikisikiliza vibarua wakilalamikia sururu zilizolegea mipini. Kwetu ni Upare. Niliteremka pwani kutafuta kazi, nikapata kazi, kisha nikapata na mke.

Mke wangu alikuwa Mzaramo wa bondeni, kule nyuma ya Chang'ombe unakoteremka kuelekea Yombo. Baba yake alikuwa na shamba kubwa la minazi na mihogo, akatukatia kipande tukajenga nyumba ya udongo na makuti. Kwa hiyo nikawa mtu wa bondeni. Nilikula mihogo ya bondeni, nikaugua homa za bondeni, na kila masika nikavua viatu na kukunja suruali kama wenzangu wote, maana mvua ikinyesha siku mbili tu njia yetu ilikuwa inageuka uji. Malori hayakuthubutu kushuka. Mfanyabiashara wa nazi alikuwa akisimamisha lori lake juu kwenye tambarare na kupiga honi, na baba mkwe wangu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa akizipandisha nazi zake kwa matenga huku akiitukana ile njia kana kwamba ina masikio.

"Mkwe wangu ni mtu wa barabara," alipenda kuwaambia watu, "na mie napita kwenye tope. Mmeona wapi?"

Alisema kwa kucheka, lakini alikuwa na maana yake, na mie nilijua.

Kiangazi kimoja, Bwana Barabara alituita ofisini mie na nyapara. Bwana Barabara ndivyo watu walivyomwita Mzungu aliyesimamia kazi zetu. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, aliyekaa Tanga miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu. Mara nyingine alinisahihisha. Nyapara alikuwa Mngoni wa Songea, amerudi kutoka vita vya Burma ambako alijenga barabara za jeshi kwenye misitu na mvua isiyokatika. Alikuwa na mabega mapana na tabia ya kukaa kimya muda mrefu, kisha kusema neno moja na kuondoka.

"Mwaka huu tuna lori moja tu la kifusi," Bwana Barabara alisema. "Lingine limechukuliwa wilaya nyingine. Kabla ya masika tutamaliza barabara moja, hatutamaliza mbili. Kuna ile ya Mbagala, na kuna njia ya bondeni. Nendeni mkaziangalie, halafu mje mniambie ipi itangulie, na kwa nini. Hiyo kwa nini ndiyo ninayoitaka zaidi."

Akanitazama kidogo. Alijua ninakoishi.

Tulipotoka nje nyapara alisema, "Hapa hakuna cha kuangalia. Bondeni pameoza, Mbagala ni pazima. Unatengeneza kilichooza."

Nilitamani kukubali palepale. Nilishaanza kuona uso wa baba mkwe wangu siku lori la kwanza la kifusi litakapoteremka mlimani. Lakini Bwana Barabara alikuwa ametaka sababu, na sababu hatukuwa nayo zaidi ya macho yetu. Nikamwambia nyapara tukae njiani tuone nani anapita wapi.

Nilichukua makopo matatu ya maziwa na mfuko wa kokoto. Kopo moja la watu wa miguu, moja la baiskeli na mikokoteni, moja la magari. Anayepita, kokoto inaingia kwenye kopo lake. Nyapara aliona ni mchezo wa watoto, lakini alikaa nami chini ya kibanda cha makuti kando ya barabara ya Mbagala tangu alfajiri mpaka jua lilipoanza kulegea. Mabasi ya abiria yalipita, malori ya kuni na mkaa, lori la korosho, gari la zahanati, mikokoteni ya watu wa Mtoni. Kopo la magari lilijaa kuliko nilivyotarajia. Hayo mengine mawili yalifurika.

Wakati hakuna anayepita tulikuwa tukitembea kidogo kuikagua barabara yenyewe. Kwa mbali ilikuwa nzuri. Ukiinama ndipo unapoona: mitaro yote ya upande wa juu imejaa mchanga na majani, na mgongo wa barabara, ule mwinuko wa katikati unaomwaga maji pembeni, umelika mpaka umekuwa bapa. Mahali pawili maji ya vuli yalikuwa yameanza kuuma ukingo. Nyapara alichomeka vidole ndani ya ufa, akavitoa, akavitazama.

"Masika moja," alisema.

"Masika moja nini?"

"Masika moja tu. Baada ya hapo nayo inakuwa bondeni."



Siku iliyofuata tulihamia bondeni na makopo yetu, na huko mambo yakatuharibikia. Asubuhi wanawake wachache walipita na matenga kichwani, wakatusalimu, wakatazama makopo, wakaongeza mwendo. Baada ya hapo njia ikawa kimya. Ilikuwa siku ya kazi, mihogo iko tayari, na hapiti mtu. Nyapara alijinyoosha akasinzia. Nikaanza kusema moyoni kwamba labda njia yetu haina watu kama tunavyodhani, na nilipofikiri hivyo niliumia kidogo.

Mchana mke wangu alituletea chakula, wali na mchuzi wa nazi na samaki mkavu. Alipotua kikapu alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi.

"Nyie mnajua mnachofanya?"

"Tunahesabu watu," nikasema.

"Ndiyo. Na bonde zima linasema mnahesabu watu wa kodi ya kichwa. Wanaume wote wanapita huko nyuma, kwenye mihogo ya baba. Wameshamkanyagia tuta zima. Yeye mwenyewe kajifungia ndani, kasema mkwe wake kamgeuka."

Nyapara alicheka usingizini, au alikuwa macho muda wote. Niliacha chakula nikaenda kwa baba mkwe. Nilipiga hodi, kimya. Nikapiga tena.

"Kama ni karani wa kodi, nimekufa," sauti ilisema kutoka ndani. "Kama ni mkwe wangu, karibu."

Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa mashaka. Nikamweleza jambo lote: lori moja, barabara mbili, makopo, kokoto. Alisikiliza huku amekunja uso, kisha uso ukafunguka polepole.

"Kwa hiyo kila anayepita ni kokoto moja ya kututetea?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa mbona hukusema?"

Asubuhi iliyofuata alikuwa njiani kabla yetu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akipaza sauti hata watu wa juu mlimani wamsikie. Si kodi, jamani, piteni. Si kodi. Wengine aliwapitisha mara mbili, mpaka ikabidi nimwombe kwa heshima asiwarudishe. Kopo la miguu lilifurika, tukamwaga, likafurika tena. La baiskeli lilijaa. Lakini kopo la magari, mpaka jioni, lilikuwa na kokoto chache zinazocheza chini ukilitikisa, na mojawapo ilikuwa ya pikipiki ya padri aliyepotea njia.

Usiku huo nilikaa na makopo mbele yangu. Nilikuwa nimeshaona, na sikupenda nilichokiona. Njia ya bondeni ilikuwa imekufa kabisa kama barabara ya gari. Kuifufua kungetaka kifusi chote cha kiangazi, na kalvati kubwa ya kupitishia maji chini ya barabara pale kijito kinapokatiza, na kalvati hiyo hatukuwa nayo. Tukimwaga kifusi bila kalvati, kijito kingekibeba chote mwezi wa nne. Barabara ya Mbagala, kwa upande mwingine, ilihitaji mitaro kuzibuliwa, mgongo kurudishwa, kingo kujazwa. Kazi ya wiki chache na kifusi kidogo. Na ikiachwa, mwakani ingetaka mara nyingi zaidi ya hapo, na mabasi na gari la zahanati yangesimama njiani. Ukiweka jasho lilelile pande mbili, upande mmoja unapata barabara, upande wa pili unapata tope jekundu lililonunuliwa kwa shida.

Asubuhi nilimwambia nyapara. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia yeye alishajua tangu alipotoa vidole kwenye ule ufa, alikuwa akisubiri nifike.

"Lakini wewe ndiye unakaa kule," akasema. "Mie nitarudi kwangu Keko nilale."

Ndipo tukatembea tena bondeni, safari hii bila makopo, tukijaribu kuona kama kuna cha kuwafanyia wale watu wote wa miguu. Jambo lenyewe lilinijia taratibu. Makopo yalikuwa yamesema waziwazi kwamba pale hapapiti magari. Wanapita wanawake na matenga, wanafunzi, wanaume na baiskeli. Watu wa namna hiyo hawahitaji upana wa lori. Wanahitaji sehemu kavu ya kukanyaga. Nyapara alisema Burma walikuwa wakiweka njia ya miguu pembeni, juu ya ukingo, mbali na magari yanayotifua tope. Tulitafuta ukingo. Upo, unapita mahali pa juu, mchanga mtupu usioshika maji, kutoka kwenye tambarare mpaka kijitoni. Ulipita katikati ya shamba la baba mkwe wangu.

Tulipeleka majibu kwa Bwana Barabara. Nilianza kueleza kwa Kiswahili cha ofisini, nikajikwaa, nyapara akaingilia kwa maneno yake machache. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali kuhusu mitaro, akauliza kalvati ya kijito ingekuwa ya upana gani. Kisha akaweka kalamu chini.

"Watu wako watasema nini?"

"Watasema nimewanyima, bwana."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema tuanze na ile nzima. Na bondeni tupewe vibarua wachache wa kukata njia ya miguu, kifusi kidogo tu cha kufunikia. Hatutaki zaidi ya hapo mwaka huu."

Alikubali, kwa sharti kwamba ardhi ya ile njia itolewe na mwenyewe kwa hiari. Hakutaka ugomvi wa mashamba.

Nilikwenda kwa baba mkwe jioni ileile. Alikuwa barazani na mama mkwe wangu, wanatafuna mihogo ya kuchoma. Nilisalimu, nikakaribishwa, nikakaa kwenye mkeka. Nilisema yote bila kuzunguka, maana nilijua nikizunguka nitashindwa. Nilisema barabara ya Mbagala ndiyo itakayopewa kifusi. Nikasema na kwa nini.

Mama mkwe aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo ile nzuri inafanywa nzuri zaidi," baba mkwe alisema, "na mbaya inabaki mbaya."

"Ile nzuri inazuiwa isife, baba. Mbaya imeshakufa. Mwaka huu hatuna uwezo wa kuifufua."

"Na zile kokoto zote? Mie nilisimama juani na kanzu yangu ya Ijumaa."

"Zile kokoto ndizo zilizonionyesha watu wa huku wanatembea kwa miguu." Nikamweleza habari ya ukingo, na mahali unapopita. Nilipotaja minazi ambayo ingebidi ianguke, alisimama.

"Kwa hiyo serikali hainipi barabara, na juu ya hapo inataka minazi yangu."

Akaingia ndani. Mama mkwe alinitazama, akasukuma sahani ya mihogo upande wangu. "Kula, mwanangu," alisema. "Huyu hasira zake zina ngazi. Ataanza kushuka kesho."

Hakushuka kesho wala keshokutwa. Siku kadhaa hakunisalimu, na majirani zake wawili wakafuata mkumbo. Mke wangu alikwenda kwao na kurudi bila kuniambia walichozungumza, ila mara moja, akisonga ugali, alisema, "Baba anatembea shambani jioni. Anaanzia juu, anafika kijitoni, anarudi. Halafu anaanza tena." Alisema kwa furaha iliyofichwa, nami nikaelewa kwamba yupo upande wangu, jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumwuliza.

Siku moja nikirudi kazini nilimkuta kwenye minazi yenyewe. Alikuwa amesimama katikati ya miwili iliyonyooka, mirefu, mmoja ukiwa umezeeka na unazaa nazi ndogondogo. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, bila kunitazama. "Huu unakufa wenyewe mwakani. Huu mwingine bado unazaa vizuri." Akaugonga kwa kiganja. "Nimekaa nikapiga hesabu zangu. Masika iliyopita nimepoteza nazi ngapi kwenye tope, matenga mangapi yamevunjika, na mama yako kateguka kifundo cha mguu. Nikaweka upande huu. Halafu nikaweka mnazi huu upande huu mwingine."



"Mnazi umeshindwa," alisema. "Lakini kuna sharti langu. Magogo yake yasiende kuni. Mtayalaza pale kijitoni tuvukie. Mie sitoi mnazi ili watu wavuke kwa kuruka kama vyura."

Hilo hatukulifikiria mie wala nyapara. Tulikuwa tumepanga mawe tu ya kukanyagia. Nilimwambia ni wazo zuri, akaniambia anajua.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi, na nazikumbuka kama siku nzuri kabisa za kazi ile. Asubuhi nilikuwa Mbagala, vibarua wakizibua mitaro na kuimba, kifusi kikimwagwa katikati na kushindiliwa mpaka mgongo wa barabara ukaanza kuonekana tena. Alasiri nilipanda baiskeli kwenda bondeni, ambako kikundi kidogo kilikuwa kikikata ukingo. Huko watu wenyewe walijitokeza na majembe bila kuitwa. Wale majirani wawili walioninunia walikuja pia, mmoja akalalamika kwamba njia inapinda mno, akapewa jembe, akakata kona yake mwenyewe na ikatoka vizuri. Nyapara alisimamia ulazaji wa magogo. Aliyafunga kwa mtindo wa jeshi, na kuyaweka juu kuliko tulivyotaka, akisema maji hayaombi ruhusa. Baba mkwe alikaa kando kwenye kiti chake akitoa amri ambazo nyapara alizipokea kwa adabu na kutozifuata.

Masika ilikuja na nguvu zake za kawaida. Barabara ya Mbagala ilimwaga maji pande zote mbili kama ilivyotakiwa, mitaro ikafanya kazi yake, na siku ya tatu ya mvua nilikwenda kuitazama kwa raha ya kuitazama tu. Nilisimama na mwavuli, basi likapita, likanirushia maji kidogo, nikafurahi. Njia ya zamani ya bondeni ilizama kama kila mwaka. Juu yake, kwenye ukingo, watu walipita na miguu mikavu, wengine wamevaa viatu.

Si kila kitu kilikaa sawa. Ng'ambo ya kijito, ambako ukingo uliishia, palikuwa na nyumba chache ambazo hatukuzifikia. Watu wale waliendelea kukanyaga tope masika yote, na mzee mmoja wa huko alinisimamisha sokoni akaniambia kwa upole kwamba aliona daraja zuri sana kila asubuhi alipokuwa amesimama kwenye maji akilitazama. Nilimwambia mwaka ujao, na mwaka uliofuata kweli tulifika kwake, ingawa kwa kipande chembamba, na kalvati ilichelewa mpaka Bwana Barabara mwingine alipokuja.

Baba mkwe wangu hakupata lori lake kushuka mlimani. Alipata jambo lingine ambalo hakulitarajia. Alianza kupakia nazi kwenye baiskeli, matenga mawili nyuma na moja mbele, akazisukuma kwenye ukingo mpaka juu, tena kwa safari nyingi zaidi ya zamani, na mfanyabiashara akaacha kupiga honi kwa sababu alimkuta ameshafika anamngoja. Siku moja ya mvua nyembamba niliwakuta yeye na nyapara juu kwenye tambarare, wamekaa juu ya matenga wakinywa kahawa ya muuzaji mmoja aliyekuwa akipita akipiga kengele, wakibishana kama barabara ya Chang'ombe ifanywe mwakani au iachwe kwanza. Baba mkwe alikuwa akisema iachwe, kwamba bado nzima, na nyapara akimwambia ndiyo maana isiachwe. Walinisogezea nafasi. Nikaegemeza baiskeli, nikachukua kikombe, nikakaa katikati yao kusikiliza.